Njiwa ale kiganjani: nilivyomwelekeza mpwa wangu

Mpwa wangu wa Nkuhungu, hapa Dodoma, alinunua njiwa wanne, siku ya tano akawafungulia. Jioni banda tupu, wote wamerudi kwa aliyemuuzia. Tukaanza upya hivi.

1. Nunua makinda
Njiwa mzima hasahau kwao. Chukua wa wiki nne au tano, anayedonoa mwenyewe, bado ana vinyuzi vya manjano kichwani.

2. Banda
Paka na nyoka wasipite. Mlango usitazame mashariki, upepo wetu wa kiangazi ndiko unakotoka.

3. Mkono
Hapa ndipo nilipopoteza wiki tatu. Nilikuwa nawakamata kila siku nikidhani ndiyo kuwazoesha. Kila nikiingia wanajigonga kwenye waya. Mzee jirani akaniuliza, "Mwewe huja kutokea wapi?" Juu. Na mkono wangu je?

Basi wiki ya kwanza usiguse ndege. Ingia na kigoda, kaa robo saa, usiwakazie macho. Vaa shati lilelile. Siku niliyoingia na kofia walinikimbia kama mgeni.

Wiki ya pili, ondoa chakula jioni, asubuhi ukilete kiganjani. Chakula tu, maji yasitoke kamwe, hasa Oktoba na joto letu. Bakuli liwe na kina, maana njiwa hutumbukiza mdomo akafyonza. Kiganja kilale chini, wazi, nawe usimfuate. Atanyakua punje moja akimbie. Mwache. Hata akipanda juu ya mkono usifunge vidole. Mpwa wangu alifunga mara moja tu, tukapoteza siku nne.

Wengi huweka mahindi ya kuparaza. Mimi ni uwele, sibadilishi: punje ni ndogo, kwa hiyo ndege hukaa mkononi muda mrefu akidonoa. Piga mluzi mmoja, uleule, kila unapotoa chakula.

Akikataa, mpe chake kwenye sahani kabla ya saa nne asubuhi. Kumshindisha njaa si kumfundisha. Na ukiona njiwa amejikunyata, manyoya yamevimba, anakuacha umshike tu, usifurahi. Huyo hajazoea, anaumwa. Mtenge na wenzake.

Kumfunga mbawa kwa uzi sikubaliani nako. Paka akija, atarukaje?

4. Kufungulia
Baada ya wiki nne hivi, wakishakula mkononi wote. Fungua saa kumi na moja jioni, wakiwa hawajala tangu asubuhi, siku isiyo na upepo. Usiwafukuze watoke. Kabla jua halijazama piga mluzi, tikisa kopo la uwele.

Makinda manne aliyonunua mara ya pili, watatu waliingia papo hapo. Wa nne alikaa juu ya bati la jirani mpaka giza, akashuka asubuhi, moja kwa moja kwenye kiganja cha mpwa wangu.