Namna ya kuifuata pesa ya usalama wa mtaa kwenye bajeti ya Kaunti ya Mombasa

Mwakilishi wa wadi, MCA, akipanda jukwaani Kisauni au Likoni na kuapa kuwamaliza vijana wa panga, anaahidi kazi isiyo yake. Polisi ni wa serikali ya kitaifa. MCA haajiri hata mmoja, wala hawezi kumhamisha. Kilicho mikononi mwa kaunti, kwa Jedwali la Nne la Katiba ya 2010, ni taa za barabarani, zimamoto, mitaro ya maji ya mvua, ambulensi, zahanati, maji na taka. Hayo ndiyo huamua kama mama atapita kichochoroni saa mbili usiku au atazunguka, na kama moto uliozuka jikoni utaishia chumba kimoja au utakula mtaa. Pesa ya hayo hupitishwa au kukatwa na wawakilishi wa wadi 30 pamoja na wenzao walioteuliwa. Kwa hivyo anachokipa uzito MCA wako kimeandikwa kwenye bajeti aliyoipigia kura, na una haki ya kuisoma.

Jua mlango wa kubisha

Taa ikizimika, uliza kwanza barabara ni ya nani. Barabara kuu kama ile ya Mombasa kwenda Malindi iko chini ya KeNHA, mamlaka ya kitaifa ya barabara kuu, kadhaa za mjini ziko chini ya KURA, mamlaka ya kitaifa ya barabara za mijini, na nyingi za ndani ya mitaa ni za kaunti. Feri ya Likoni iko chini ya Halmashauri ya Bandari, KPA. Jengo la kituo kidogo cha polisi au ofisi ya chifu mara nyingi hujengwa kwa hazina ya mbunge, NG-CDF. Ukikosea mlango, barua itasukumwa ofisi hadi ofisi, na kila ofisi itakuwa na haki ya kukwambia "si letu hilo".

Pako mahali kaunti na polisi hukutana kisheria: Mamlaka ya Polisi ya Kaunti, iliyowekwa na Sheria ya Huduma ya Taifa ya Polisi ya 2011. Mwenyekiti ni gavana au waziri wake wa kaunti, na bunge la kaunti hupeleka wajumbe wawili. Muulize MCA wako hao wawili ni akina nani na walikaa kikao lini mara ya mwisho. Akibabaika, umeshapata jibu.

Wahi mapema

Mwaka wa fedha huanza 1 Julai, lakini maamuzi huanza kitambo. Mpango wa Maendeleo wa Mwaka hufikishwa bunge la kaunti kabla au ifikapo 1 Septemba, yaani miezi kumi nyuma. Waraka wa sera ya fedha, unaoitwa CFSP maofisini, huja ifikapo 28 Februari na kuiwekea kila idara kiwango chake cha juu; bunge lina siku 14 za kuupitia. Makadirio yenyewe hufika 30 Aprili na kupitishwa kabla ya Juni kwisha.

Kosa linalorudiwa kila mwaka ni watu kujaa ukumbini mwezi wa Mei. Wakati huo kanuni za fedha za kaunti za 2015 haziliruhusu bunge kubadilisha kiwango cha idara kwa zaidi ya asilimia 1, na anayeongeza huku lazima apunguze kule. Utapigiwa makofi, utapewa soda, na hakuna kitakachosogea. Ombi la gari la zimamoto lipeleke Agosti, kabla mpango haujaandikwa. Februari lirudie, ukiitaja idara yenyewe. Mei kazi yako ni kuangalia kwamba halikudondoka njiani.

Kusoma kitabu cha makadirio

Ruka kurasa za mwanzo, zimejaa maneno. Fungua majedwali ya idara. Kila idara ina mafungu mawili: matumizi ya kawaida, yaani mishahara, mafuta, dawa, bili na ukarabati, na maendeleo, yaani majengo, mashine na barabara. Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012 inataka angalau asilimia 30 iende kwenye maendeleo, na wanasiasa huitaja asilimia hiyo kwa kujigamba. Sisi tunakushauri usome matumizi ya kawaida kwa makini zaidi. Jengo jipya lina utepe wa kukata na bango la kupiga picha. Mafuta ya ambulensi hayana utepe, ndiyo maana hukatwa kwanza.

Chukua ambulensi moja. Siku ina zamu tatu za saa nane, kwa hivyo wiki ina zamu 21. Mtu mmoja hufanya zamu tano kwa wiki. Kiti cha dereva peke yake kinataka watu wanne na ziada, kabla hujahesabu likizo na ugonjwa. Ukiongeza mhudumu wa afya, gari moja linataka watu tisa hivi. Bajeti ikinunua ambulensi mbili bila kuajiri mtu, jua umenunuliwa magari ya mchana, na uchungu wa kuzaa hauchagui saa.

Zimamoto ni vivyo hivyo. Gari kubwa haliingii vichochoro vya Mji wa Kale wala kwenye vyumba vya mabati vilivyobanana. Maji nayo hutoka mbali, Mzima, Baricho, Marere na Tiwi, na hufika kwa mgao, kwa hivyo bomba la zimamoto la barabarani laweza kufunguliwa likatoa hewa tupu. Ombi zuri hutaja gari dogo, tangi la akiba lililo karibu, na mipira ya kufika nyumba ya ndani kabisa. Urefu wa mipira usiukisie: anzia pale gari litakaposimama, fuata kona zote kwa hatua, uandike.

Mulika mwizi, ile taa kubwa ya juu ya mlingoti mrefu, hupendwa na wanasiasa kwa kuwa huonekana kutoka mbali. Inafaa sokoni na uwanjani. Penye nyumba zilizosongamana, kuta hutupa kivuli, na kile kichochoro wanamokabwa watu hubaki giza palepale chini ya mlingoti. Huko zinatakiwa taa fupi za nguzo au za ukutani. Tafuta pia fungu la bili ya umeme na la ukarabati. Yasipokuwepo, taa zitawaka msimu mmoja. Ukitaka za jua, dai pesa ya kubadilisha betri na nguzo zilizopakwa zinki, maana chumvi ya bahari hula chuma.

Mitaro ina neno moja tu: tarehe. Izibuliwe na kumalizwa Machi, kabla ya masika, na mkataba useme tope litabebwa. Likiachwa ukingoni, mvua ya kwanza hulirudisha ndani.

Kuandika maoni yanayoshikika

"Tunaomba usalama" haina pa kuwekwa kwenye jedwali. Karani anahitaji mahali, idadi, kazi, mwezi, na fungu litakalopunguzwa. Kwa mfano: "Wadi ya Junda, nguzo 14 kutoka msikitini hadi shuleni, pamoja na bili na ukarabati wa mwaka, pesa itoke kwenye safari na vinywaji vya idara." Nguzo zihesabuni nyinyi wenyewe, watu watatu, kati ya saa moja na saa nne usiku, mkiandika isiyowaka na duka lililo karibu nayo. Maoni yenye hesabu ni magumu kuyapuuza, hata kwa asiyeyapenda.

Baada ya kupitishwa

Fungu kupitishwa si pesa kutoka. Msimamizi wa Bajeti, ofisi huru ya kitaifa, hutoa ripoti ya kila robo mwaka. Linganisha kilichotengwa na kilichotumika. Maendeleo yakiwa karibu sufuri ifikapo Desemba, kuna tatizo, na mara nyingi ni kwamba mapato ya ndani yalikadiriwa juu mno au mgao wa kitaifa umechelewa. Pesa ikipungua, mishahara hulipwa, taa husubiri. Kisha huja bajeti ya ziada katikati ya mwaka, haina kelele wala mikutano mingi, na humo ndimo mtaro hugeuka kuwa kitu kingine. Iombe na uisome kando ya ile ya Juni, fungu kwa fungu.

Ukinyimwa karatasi, tumia Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016. Barua yaweza kuwa kwa Kiswahili, maombi hayalipiwi isipokuwa gharama ya nakala, na jibu linatakiwa ndani ya siku 21, au saa 48 ikiwa uhai wa mtu uko hatarini. Omba mkataba, orodha ya vifaa na bei, na malipo yaliyofanywa. Wakikataa, una siku 30 za kwenda kwa Ombudsman, tume inayopokea malalamiko dhidi ya ofisi za umma.

Yote yakishindikana kuna ombi rasmi kwa Bunge la Kaunti, haki iliyomo katika Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012. Liandikwe kwa heshima, kwa Kiswahili au Kiingereza. Litaje mlikokwisha kwenda na mlichojibiwa, liseme kama jambo liko mahakamani, na limalizie kwa kile hasa mnachotaka bunge lifanye. Kila mtu aweke jina, nambari ya kitambulisho, na sahihi au dole gumba. Toeni nakala mbili: moja abaki nayo Karani wa Bunge, ya pili igongwe muhuri wa kupokelewa na tarehe, mrudi nayo. Msiondoke kaunta bila huo muhuri, hata mkiambiwa mwenye muhuri ametoka.