Mtoto Amechelewa Kusoma? Jinsi ya Kuomba Apimwe EARC

Mtoto wa Gredi ya 3 akiwa bado anahangaika na silabi ilhali wenzake wanasoma hadithi, usikubali kuambiwa "ataiva tu." Kenya ina vituo vya serikali vya kupima watoto wenye matatizo ya kujifunza, maarufu kama EARC, na vimekuwapo tangu 1984. Mzazi anaweza kumpeleka mtoto mwenyewe, ila njia nyepesi ni kupitia shule.

Anza na mwalimu wa darasa. Ripoti ya muhula itakuambia mtoto "anakaribia matarajio" au yuko "mbali na matarajio", na hilo halitoshi. Muulize: anajua sauti za herufi zote? Anaunganisha silabi? Anaweza kusoma neno ambalo hajawahi kuliona? Akimaliza aya, anajibu swali kuihusu? Omba majibu hayo kwa maandishi.

Nyumbani nako mchunguze, maana watoto wengi hukariri kitabu. Akiona picha ya ng'ombe, atakusomea "Ng'ombe anakula nyasi" bila kutazama hata herufi moja. Funika picha, umwonyeshe neno "nyasi" peke yake. Kisha andika "nyama" kwenye karatasi. Akisema "nyasi" tena, anabahatisha kwa kuangalia mwanzo wa neno. Andika alichosema na tarehe, uende nayo kituoni.

Mpeleke hospitali apimwe macho na masikio. Kituoni pia huwa wanaangalia, lakini ukiwa na karatasi ya daktari mkononi mazungumzo hayaanzi sifuri. Mtoto asiyeona ubao vizuri huitwa mzito bure.

Halafu mwombe mwalimu mkuu barua ya kumtuma mtoto EARC. Isome kabla ya kuondoka ofisini. Kama imeandikwa "ni mvivu" au "hana bidii", omba kwa heshima ibadilishwe, iseme yale yaliyoonekana darasani: anaruka mistari, anachanganya b na d, anasahau leo neno alilosoma jana. Maneno ya barua hiyo yatamfuata mtoto kwenye faili.

Beba cheti cha kuzaliwa, kitambulisho chako, ripoti za mihula na madaftari mawili matatu yenye mwandiko wake mwenyewe, na makosa yake yote. Usimwambie ayanakili upya yawe safi. Ofisi ya elimu ya kaunti ndogo itakuelekeza kituo kilipo. Uliza pia siku za kupima, usije ukasafiri bure.

Siku yenyewe mtoto awe amelala vya kutosha na amekula. Usimtishe kwamba ni mtihani. Wewe utaulizwa kuhusu kuzaliwa kwake, magonjwa aliyougua, alianza kuongea lini, na lugha ya nyumbani. Hili la lugha litaje hata usipoulizwa. Mtoto wa Kwale aliyelelewa kwa Kidigo, akikwama kwenye aya ya Kiingereza, huenda shida yake ni lugha tu, wala si kusoma. Omba ajaribiwe pia kwa lugha anayoielewa.

Mkimaliza, omba nakala yako ya ripoti, na yale usiyoyaelewa uelezwe hapo hapo. Nakala nyingine ipeleke shuleni, ukae na mwalimu mpange mtoto atafundishwa nini, mara ngapi kwa wiki, na atapimwa tena lini. Tarehe hiyo iandikwe.