SOMO: Jinsi ya kutafuta tenda za jeshi la Marekani ukiwa na kampuni ndogo, na wapi utasaidiwa bure

Wakuu habari zenu. Somo hili ni la Waswahili tulioko Marekani wenye vikampuni vyetu, usafi, malori, ushonaji, ukalimani, umeme, kompyuta, ambao tumejiaminisha kwamba hela ya jeshi ni ya makampuni makubwa ya kutengeneza ndege. Sio kweli. Jeshi linakatiwa nyasi, linazolewa taka, linabadilishiwa milango, linanunua skrubu na sabuni, na serikali kuu imewekewa lengo kisheria kwamba angalau asilimia 23 ya hela ya mikataba iende kwa biashara ndogo. Kinachoniuma mpaka nikaandika ni kuona wenzetu wanalipa madalali mamia ya dola, wengine maelfu, kwa kazi ambayo serikali yenyewe imeshaajiri watu wakusaidie bila kukutoza.

Watu hao wanaitwa APEX Accelerators. Mpango ulianzishwa na bunge la Marekani mwaka 1985, na kwa miaka mingi watu waliujua kama PTAC, kwa hiyo ukisikia mzee anasema nenda PTAC ni hao hao. Siku hizi wako chini ya ofisi ya biashara ndogo ya Wizara ya Ulinzi. Vituo ni zaidi ya 90, karibu kila jimbo linacho, vingi viko ndani ya vyuo au ofisi za maendeleo ya uchumi. Msichanganye na SBDC, hao wanasaidia mambo ya mkopo na mpango wa biashara, wazuri pia, ila kuiuzia serikali ndio kazi ya APEX.

HATUA YA 1: Karatasi zako zisome kitu kimoja

Kabla hujagusa chochote hakikisha jina la kampuni lililoko kwenye usajili wa jimbo, lililoko IRS (mamlaka ya kodi) kwenye EIN (namba ya kodi ya kampuni), na lililoko benki ni lile lile, herufi kwa herufi, na anwani pia. Ukiwa umeandika "LLC" huku na kule hukuandika, au umehama nyumba hujabadilisha anwani jimboni, usajili utakwama na utaanza kutumiana barua na watu usiowaona wiki kwa wiki.

HATUA YA 2: SAM.gov

Huu ndio mtandao wa serikali wa kusajili kampuni na kutangaza tenda, huku ndiko serikali inakokujua. Unafungua akaunti ya Login.gov, unaingia SAM.gov, unasajili kampuni, unapewa UEI (namba ya utambulisho ya herufi na tarakimu 12, ndiyo iliyochukua nafasi ya namba ya zamani ya DUNS tangu Aprili 2022) halafu unapewa CAGE, namba nyingine ya utambulisho ya herufi na tarakimu 5. Chagua usajili kamili, maana kuna njia ya kuchukua UEI peke yake na hiyo haikuruhusu kuomba tenda. Unahuisha kila mwaka.

Sasa sikilizeni hapa vizuri. SAM.GOV NI BURE. Kusajili bure, kuhuisha bure, CAGE bure. Taarifa za kampuni zikishaonekana hadharani utaanza kupokea simu na barua pepe zenye nembo zinazofanana kabisa na za serikali, "usajili wako unakwisha, lipia leo usije ukafungiwa", na anayepiga anakutajia jina la kampuni yako na anwani yako mpaka unaamini. Sio serikali hao. Serikali haikupigii kukuomba kadi ya benki kwa ajili ya SAM. Barua kama hiyo ikija mtumie mshauri wako wa APEX aiangalie kabla hujajibu.

HATUA YA 3: Nenda APEX mapema, usisubiri tenda

Unatafuta kituo cha eneo lako kwenye tovuti yao, unajaza fomu, unapangiwa mshauri. Wengi wanafanya kosa la kwenda wakiwa na tenda mkononi inayofungwa kesho kutwa, mshauri hapo atafanya nini? Nenda hata kama SAM bado, atakaa na wewe mmalize. Mwambie ukweli: una wafanyakazi wangapi, una gari gani, bima ikoje, umewahi kufanya kazi gani na kwa nani. Kama Kiingereza cha ofisini kinakupa shida nenda na mtoto au ndugu, hakuna aibu, mradi mwenye kampuni uwe wewe na uelewe unachosaini.

Mambo anayoweza kukusaidia: kuchagua NAICS (namba ya tarakimu 6 ya aina ya kazi yako, usafi wa majengo ni 561720, ukalimani 541930, lori za masafa marefu 484121), kuangalia kama unahesabika biashara ndogo kwa namba hiyo, kukuwekea huduma ya kukuletea tenda zinazokufaa kwenye barua pepe, kusoma tenda pamoja na wewe, na kukueleza vyeti vya SBA (shirika la serikali la biashara ndogo) kama vile vya kampuni za wanawake, HUBZone (kampuni za maeneo yaliyo nyuma kiuchumi), 8(a) (wamiliki walioachwa nyuma kijamii na kiuchumi) na vya maveterani. Kuhusu udogo msiogope, usafi wa majengo kwa mfano unahesabika mdogo mpaka mapato ya wastani wa dola milioni 22 kwa mwaka, nani kati yetu amefika huko. Kitu ambacho hatafanya ni kukuandikia ombi lako wewe umelala, na wala hana uwezo wa kukupa tenda.

HATUA YA 4: Karatasi moja ya kujitambulisha

Wenyewe wanaiita kepabiliti stetimenti (capability statement). Ukurasa mmoja tu: unafanya nini, ulishafanya wapi, nini unacho ambacho mwenzako hana, UEI, CAGE, NAICS, simu. Kazi ulizofanya kwa shule, hospitali, kanisa, msikiti, zote ziweke.

HATUA YA 5: Jibu matangazo ya utafiti, usisubiri tenda yenyewe

Kwangu mimi hii ndiyo hatua yenye utamu wote na ndiyo watu wanairuka. Kabla ya tenda nyingi, ofisa manunuzi wa kambi anatoa tangazo kwenye SAM.gov la kuuliza tu, nani anaweza kazi hii? Linaitwa sources sought. Hakuna hela pale, kwa hiyo watu wanapita. Lakini kanuni za manunuzi zinasema ofisa akiwa na matumaini ya kweli kwamba biashara ndogo mbili au zaidi zinazoiweza kazi zitaleta maombi kwa bei ya haki, basi tenda inatengwa kwa biashara ndogo peke yao. Mbili tu! Ukijibu wewe na akajibu mwenzako mmoja, mnaweza kuwa mmewafungia mlango makampuni makubwa kabla tenda haijatoka. Msipojibu ofisa ataandika "hakuna biashara ndogo iliyojitokeza" na kazi inaachwa wazi kwa kila mtu. Kujibu ni ukurasa mmoja mpaka kurasa tatu, mwonyeshe mshauri, tuma kwa wakati.

Na manunuzi madogo madogo, kuanzia Oktoba 2025 kiwango kimepanda mpaka dola 15,000 kwa bidhaa za kawaida, hayahitaji hata ushindani, kitengo kinaweza kukulipa kwa kadi. Juu ya hapo mpaka dola 350,000 kwa kawaida zinatengwa kwa biashara ndogo. Kwa hiyo acha kuota mkataba wa milioni, tafuta kambi iliyo karibu na wewe, tafuta ofisa wao wa biashara ndogo, mtumie ile karatasi.

HATUA YA 6: Soma tenda yote, halafu omba

Yote, na viambatanisho vyake. Wakisema kurasa 10 ni 10, wakisema saa 8 mchana ni saa 8 ya huko kambini sio ya kwako. Ukikosa, andika haraka uombe wakueleze kwa nini, kwa tenda kubwa za ushindani una siku 3 tu za kuomba tangu upate taarifa. Maelezo hayo ni dhahabu, mpelekee mshauri.

MASWALI YA WADAU

Swali: Kaka mimi na mke wangu tulikuja kama wakimbizi kutoka Kongo, tuna grinkadi, uraia bado. Tunaruhusiwa au tunapoteza muda?

Jibu: Mnaruhusiwa kusajili SAM na kuomba tenda kama biashara ndogo, kampuni iwe ya faida na iendeshe kazi zake hapa Marekani. Ila vyeti vya 8(a), HUBZone na cha kampuni za wanawake vinataka wamiliki wawe raia, hivyo subirini. Kazi zenye siri za serikali nazo zinataka uraia. Kuingia kambini mtakaguliwa, kwa hiyo waulizeni masharti ya geti la kambi husika kabla ya kuahidi wafanyakazi. Anzeni sasa, rekodi ya kazi ikija kukutana na uraia mtakuwa mbali.

Swali: Mkuu nina kampuni ya usafi, nimeona tenda ya kusafisha ofisi za jeshi la akiba, nikapiga hesabu kwa mshahara ninaolipa sasa hivi, bei yangu iko chini kabisa. Si nitashinda?

Jibu: Simama kwanza mkuu. Mikataba ya huduma ya serikali kuu inayozidi dola 2,500 ina sheria ya mishahara. Ndani ya viambatanisho kuna jedwali la Wizara ya Kazi, linataja kwa kaunti hiyo msafishaji analipwa kiasi gani kwa saa, na juu yake kuna hela ya marupurupu kwa kila saa, na likizo na sikukuu. Ukipiga bei kwa mshahara wako wa kawaida unaweza kushinda kweli, halafu utatakiwa kulipa tofauti kutoka mfukoni, na wakaguzi wakija unaweza kufungiwa miaka 3 usipate tenda tena. Anza hesabu na lile jedwali, weka kodi za mishahara, bima, vifaa, ndio uweke faida. Na ukimpa mtu mwingine sehemu ya kazi kumbuka kwenye tenda za huduma zilizotengwa huruhusiwi kuwalipa zaidi ya nusu ya hela watu ambao sio biashara ndogo kama yako.

Swali: Mimi ni fundi cherehani, tuko akina mama kadhaa. Naweza kushona kwa vitambaa ninavyoagiza nje?

Jibu: Dada yangu kwa jeshi hapana, isipokuwa manunuzi madogo. Kuna sheria ya tangu 1941 inaitwa Berry Amendment, nguo, vitambaa, mahema na hata chakula cha jeshi vinatakiwa vitoke Marekani, na kwa nguo ni mpaka uzi wenyewe. Mwulize mshauri wa APEX akuonyeshe viwanda vya kitambaa vya hapa, na pia wenye mikataba mikubwa ya sare, mnaweza kuanza kama wasaidizi wao. Makampuni hayo makubwa yana mtu maalumu wa kushughulika na biashara ndogo, huyo ndiye wa kumtafuta.

Swali: Niko Mombasa, jeshi lao lipo Manda Bay kule Lamu na pia Djibouti. Hiyo APEX yaweza kunisaidia?

Jibu: APEX hapana ndugu, ni ya kampuni zilizoko Marekani na maeneo yake, na upendeleo wa biashara ndogo pia hautakuhusu. Lakini kampuni ya Kenya inaweza kusajili SAM.gov, ila kwanza upate NCAGE, ndiyo CAGE ya kampuni za nje, nayo bure. Halafu fuatilia matangazo ya tenda za maeneo hayo.

Swali: Je hela wanalipa lini? Nisije nikafunga kampuni nikisubiri.

Jibu: Sheria inasema siku 30 baada ya ankara sahihi, wakichelewa wanalipa na riba. Kwa jeshi ankara inapita kwenye mfumo unaoitwa WAWF ndani ya PIEE (mtandao wa manunuzi wa Wizara ya Ulinzi), na ankara nyingi zinachelewa kwa sababu kampuni haijafungua akaunti huko au imekosea namba ya mkataba. Fungua akaunti wiki ile ile unayosaini, APEX watakuelekeza. Mishahara ya miezi miwili iwe benki kabla hujaanza kazi, kama huna chukua tenda ndogo zaidi.