Kabla ya Kumwanzishia Mtoto Sindano za Filgrastimu Nyumbani

Mtoto anayepata tibakemikali, yaani dawa za kuua seli za saratani, hupungukiwa na nyutrofili, yaani chembe nyeupe za damu zinazopambana na bakteria, na daktari anaweza kumwandikia filgrastimu. Hii ni protini inayozalishwa na bakteria waliopandikizwa jeni ya binadamu, nayo huuchochea uboho utengeneze nyutrofili kwa wingi.

Kinachohitaji maandalizi zaidi ni baridi. Dawa hii huhifadhiwa kati ya nyuzi 2 na 8 za Selsiasi, kwenye rafu ya katikati ya friji, si mlangoni ambako joto hupanda kila unapofunguliwa, wala karibu na barafu, kwani haitakiwi kuganda, na isitikiswe. Asiye na friji, au anayeishi mahali ambapo umeme hukatika mara kwa mara, amweleze muuguzi mapema bila kuona haya. Kwa maoni yangu ni afadhali mtoto apelekwe kliniki kila siku kuliko kuchomwa dawa iliyoharibika, ambayo kwa macho huenda ikaonekana safi kabisa.

Mzazi aandikiwe tarehe na saa ya sindano ya kwanza, kwa kuwa dawa haitolewi ndani ya saa 24 kabla wala baada ya tibakemikali. Mtoto apimwe uzito upya, maana dozi, ambayo aghalabu ni maikrogramu 5 kwa kila kilo kwa siku, hufuata uzito huo.

Ikiwa mtoto ana seli mundu, daktari ajulishwe kabla ya lolote, hata kama faili linapaswa kuwa na taarifa hiyo, kwa sababu filgrastimu inaweza kuamsha maumivu makali ya ugonjwa huo, na imewahi kusababisha vifo. Maumivu ya kawaida ya mifupa hutarajiwa, ila maumivu ya tumbo upande wa juu kushoto, au ya bega la kushoto, yanahitaji hospitali haraka, kwani huenda bandama imeathirika.

Nyumbani kuwe na kipimajoto. Kabla ya kumpa mtoto parasetamoli kwa ajili ya mifupa, apimwe joto kwanza, kwani dawa hiyo huificha homa. Likifika nyuzi 38 aende hospitali wakati huohuo, hata usiku wa manane, kwa hiyo namba ya dereva na nauli viwekwe tayari pamoja na kadi yake ya matibabu.