Ugezi wa kipima nishati cha leza ya mipigo

Ugezi ni kulinganisha kipima na kipima rejea, yaani kile ambacho usahihi wake unajulikana. Lakini leza ya mipigo haitulii. Mpigo mmoja hutoa milijouli 50, unaofuata 51, na taa zinazoisukuma leza zikishapata joto wastani wote unahama. Kwa hiyo ukiweka kipima rejea, ukasoma wastani, kisha ukakiondoa na kuweka kile unachokikagua, hutajua kama tofauti ni ya kipima au ya leza. Dawa ni kuongeza kihisi shahidi, kisichoguswa tangu mwanzo hadi mwisho, kinachosoma kila mpigo sambamba na kipima kilichopo.

Washa leza na vifaa vyote nusu saa kabla. Vaa miwani ya urefu wa wimbi unaoutumia. Mwanga wa nanomita 1064 hauonekani, na ukingo wa chuma wa kihisi huurudisha vizuri sana.

Katika njia ya mwale weka kioo cha silika kisichopakwa kitu, chenye umbo la kabari ya digrii 1 hivi. Uso wa mbele hurudisha takriban asilimia 3.4 kwenda kwa shahidi, na mwanga uliobaki hupita hadi kwenye kipima. Kabari ndiyo inayopeleka kando mwanga unaorudi kutoka uso wa nyuma. Mwale uangukie kioo kwa pembe isiyozidi digrii 10. Digrii 45 inarahisisha kupanga meza, lakini usiitumie: hapo mwanga unaotetema wima hurudishwa asilimia 8 na unaotetema mlalo asilimia 0.6 tu, hivyo mwelekeo wa mtetemo ukigeuka kidogo, uwiano wako umeharibika.

Kihisi cha payroelektriki (fuwele inayotoa umeme ikipata joto la mpigo) kinachosomwa kwa osiloskopu, kifaa kinachochora volti kwenye skrini, kinahitaji ingizo lenye ukinzani wa megaomu 1. Likiachwa kwenye omu 50, ishara karibu inapotea kabisa. Mwale ujaze kama theluthi mbili za kipenyo cha uso wa kihisi: ukiwa mwembamba mno huunguza rangi nyeusi inayofyonza mwanga kwenye uso huo, ukiwa mpana mno kingo zinakatwa.

Kabla ya kuandika namba yoyote, ziba mwale mbele ya kihisi huku leza ikiendelea kupiga. Kinachobaki kwenye skrini ni kelele ya umeme au mtikisiko, maana fuwele ya payroelektriki husikia pia msukumo. Hata feni iliyo juu ya meza moja nayo huonekana. Halafu fungua mwale, zima swichi ya Q (kifaa kinachoachia nishati ya leza kwa mpigo mfupi) na uache taa ziwake. Ukisoma kitu, huo ni mwanga wa taa unaojiongeza kwenye kila kipimo.

Sasa weka kipima rejea, rekodi mipigo 100, na kwa kila mpigo gawanya nishati yake kwa volti za shahidi. Tuseme wastani wa uwiano ni milijouli 25.0 kwa volti. Weka kipima kinachokaguliwa mahali palepale na urudie. Shahidi akisoma volti 2.08, nishati halisi ni milijouli 52.0, kipima kikionyesha 50.4, kizidisho chake (namba ya kuzidishia usomaji wake) ni 1.032. Gawanya mpigo kwa mpigo, si wastani kwa wastani. Mwisho rudisha kipima rejea: uwiano ukiwa umehama kuliko mtawanyiko wa wastani unavyoruhusu, kuna kitu kimesogea, na kazi inaanza upya.

Makosa yajumlishwe kwa miraba: jumlisha miraba yake, kisha chukua kipeo cha pili. Cheti cha rejea asilimia 1, uso wa kihisi usio sawa 0.5, mtawanyiko wa wastani 0.1: jumla ni asilimia 1.1, na ukizidisha kwa 2, ili kufikia uhakika wa takriban asilimia 95, unapata takriban 2.2.

Kwenye cheti andika urefu wa wimbi, muda wa mpigo, idadi ya mipigo kwa sekunde na kipenyo cha mwale. Kizidisho kilichopatikana kwa nanomita 1064 hakitumiki kwa 532, kwa sababu rangi nyeusi ya kihisi haifyonzi mawimbi yote kwa kiwango kimoja.