Kuzalisha kribensisi kwenye tangi la kioo

Kribensisi (Pelvicachromis pulcher), samaki mdogo wa mito ya pwani ya kusini mwa Nigeria na Kamerun, hutaga pangoni. Asipopata pango analoliamini hatagi, au hutaga kisha akala mayai yake mwenyewe. Basi anza na pango.

Kifuu cha nazi kinafaa kuliko vyungu vya dukani. Kwangua nyama yote ndani, maana mabaki huoza na mafuta yake hutanda juu ya maji. Kichemshe dakika 20, kisha kiloweke ukibadilisha maji hadi yaache kugeuka kahawia. Toboa mlango wa sentimita 3 hadi 4 ukingoni, ukifudikize juu ya mchanga laini, mlango usielekee wanakopita watu. Ndani usipange kitu. Wenyewe watachimba na kuutoa mchanga kwa midomo.

Jozi moja inatosheka na tangi la lita 60, joto nyuzi 26. Tumia kichujio cha sponji, kwani cha mota hunyonya vifaranga. Samaki wengine wakaao chini, kama koridorasi (kambare wadogo), wasiwemo: usiku hula mayai, na wazazi huwashambulia hadi kuwajeruhi macho.

Dume ni mrefu, pezi la mgongo limechongoka. Jike ni mfupi, tumbo la mviringo, jekundu la kuelekea zambarau. Jike ndiye anayetongoza: hujikunja mbele ya dume, humwonyesha tumbo lile na kutetemeka mwili mzima. Ukiona hivyo, pima pH, yaani kiwango cha asidi ya maji. Jinsia ya vifaranga huathiriwa na maji wanayokulia siku za mwanzo, na maji yenye asidi huzidisha madume. Ndiyo maana kuna wanaopata kizazi ambacho karibu chote ni dume. pH ya 6.5 hadi 7 isiyoyumba ni salama zaidi.

Jike akianza kujificha, akitoka mara moja tu kula na kurudi, jua mayai yamebandikwa darini. Usiinue kifuu kuchungulia, hata kwa sekunde. Huanguliwa baada ya siku 3 hivi, na kufikia wiki moja au zaidi kidogo mama huwatoa nje wakiogelea kwa kundi.

Siku mbili kabla vifaranga hawajatoka nje, andaa chakula chao, artemia (vijidudu jamii ya kamba wa maji ya chumvi, wanaoanguliwa kutoka mayai makavu): gramu 25 za chumvi kwa lita ya maji, nyuzi 27, hewa ya nguvu, saa 24. Zima hewa dakika 10. Maganda huelea, artemia hushuka. Wanyonye kwa mrija na uwasuuze kwa maji baridi yasiyo na chumvi. Lisha kidogo mara 3 kwa siku. Tumbo la kifaranga aliyeshiba huonekana rangi ya chungwa. Lisipobadilika, chakula hakimfikii, kwa hiyo kipulizie karibu na kundi. Chakula kilichobaki kitoe siku hiyohiyo, maana maji machafu huua vifaranga wengi kuliko njaa. Wazazi wakianza tena kutongozana, hamisha watoto, la sivyo watafukuzwa na kuliwa.