Nyumba ya Amu ikae kama galeri, na ukuta usibomoke

Kabla hujanunua picha hata moja anza kwa kutoa vitu. Hapo ndo wengi tunakosea, tunadhani galeri ni kujaza ukuta kumbe ni kuuacha wazi, na mimi siku niliyotoa kabati la vyombo na makochi mawili na yale maua ya plastiki, mamangu alichungulia mlangoni akauliza, "Mwahama?" Sikumjibu, nkaendelea kutoa.

Ukikaa nyumba ya mawe huku mjini Amu, yaani Lamu, una bahati manake wazee walishakufanyia nusu ya kazi. Zile zidaka za chumba cha ndani, vile vishubaka vya ukutani, safu juu ya safu, ndo walikuwa wakipanga sahani zao za China na vitu vya thamani, sisi tumezigeuza stoo ya chaja na funguo na dawa za kikohozi. Toa zote. Kidaka kimoja weka mrashi wa shaba wa bibi, kinachofuata kiache kitupu, cha tatu chetezo, halafu viwili vitupu tena. Usione haya kuacha kitupu.

Rangi ni nyeupe, na iwe chokaa. Ukuta wa mawe ya matumbawe unavuta maji na kuyatoa, ukiupaka rangi ya plastiki unyevu unakwama ndani na chumvi inaanza kusukuma rangi itoke vipande vipande.

Sasa msumari, hapa ntasema sana kwa sababu nimeumia. Niliazima drili nkatoboa mara moja tu, plasta ikashuka kipande kama sinia. Chokaa ya zamani haitaki vishindo. Njia nzuri ni kuning'iniza picha kutoka kwenye boriti kwa mshipi wa kuvulia, ule mnene, na fremu ikiwa nzito tia mishipi miwili, kila upande mmoja. Kama dari yako ni ya zege funga ubao mwembamba juu kabisa ya ukuta, skrubu chache tu, halafu picha zote zishuke kutoka hapo na ukitaka kubadilisha unasogeza tu bila kutoboa tena. Skrubu na ndoano ziwe za shaba au stenlesi, chuma cha kawaida kwa upepo huu wa bahari kitashika kutu na kuuchora ukuta mistari ya kahawia.

Urefu usikisie. Galeri nyingi huweka katikati ya picha kama sentimita 145 hadi 150 kutoka chini, usawa wa macho ya mtu aliyesimama. Kwa hivo picha ya sentimita 60 chukua 145, jumlisha nusu yake 30, halafu toa ile nafasi ya kutoka juu ya fremu mpaka pale kamba inapovutika, tuseme 8, ndoano ya mwisho wa mshipi wako ikae sentimita 167 kutoka chini. Ila kama chumba ni cha kukaa chini kwenye mikeka shusha kidogo, watu hawaji kusimama kwako.

Halafu vyumba vyetu ni virefu vyembamba kwa sababu boriti za mikoko hazikuruhusu upana wa kuzidi mita 3 hivi, so picha kubwa ukiiweka ukuta mrefu hutapata pa kurudi nyuma uitazame. Iweke ukuta mfupi wa mwisho, mtu aione tangu anaingia. Ukuta mrefu uachie vidogo.

Cha kutundika ni kipi? Si lazima picha. Kipande cha tanga kuukuu, kioshe kwa maji baridi ya kisima chumvi itoke, kikaushe, kivutie kwenye fremu ya mbao, kile kiraka chake usikitoe, ndo uzuri wenyewe. Kofia ya kushona kwa mkono ndani ya boksi la kioo inatosha ukuta mzima. Kanga nayo, itundike nzima, pindo na mji wa katikati na jina, yale maandishi yake, ukikata jina umeiziba mdomo. Na kwa vile zinauzwa mbili mbili moja unaning'iniza na nyingine unajifunga, nani atakuuliza.

Taa ziwe za LED za mwanga wa manjano, zielekee picha kwa mshazari ndo kioo kisikumulike machoni. Jua la dirishani lisiguse karatasi wala kanga, litakula rangi.

La mwisho ni unyevu. Nyuma ya kila fremu gundisha vipande vya koki, ile ya vizibo vya chupa, kwenye pembe mbili za chini, hewa ipite kati yake na ukuta. Mvua za masika zikianza pindua picha utazame nyuma kila wiki, ukiona vidoa vyeusi itoe uiweke kivulini penye upepo siku mbili tatu, ikauke kabisa ndo uirudishe.